Kikohozi Kilichokwisha Januari

19 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaisoma barua hii ukiwa umesimama, kabla hata hujaweka kapu chini, kwa hiyo naanza na lililo muhimu: mimi ni mzima. Nilishikwa na ile homa inayozunguka kila nchi, ile ya kirusi kinachoingia kwa pumzi na kwenda kukaa mapafuni, lakini imeniachia. Joto limeshuka, kifua kimefunguka, na kikohozi kimekwisha tangu juzi. Sikukuandikia mapema kwa sababu ungelia, na simu nayo, tangu masikio yako yagome, ni kazi ya kupigiana makelele mpaka majirani wa pande zote mbili wajue mambo yetu.

Ilianza na baridi mgongoni. Nilikuwa nimekaa dirishani nasoma, maana tangu kiwanda cha uchapaji kifungwe na usahihishaji wangu uishie hapo, sina kingine ninachokijua. Ghafla mistari ya kitabu ikaanza kupanda na kushuka. Nikaenda zahanati. Tulipangwa foleni nje, mtu hapa na mtu kule, kama meno yangu mimi. Daktari hakunigusa. Aliniuliza maswali kutoka nyuma ya kioo, akasema ni kirusi na hakina dawa yake, nirudi nyumbani, nijifungie, ninywe maji, na nikishindwa kupumua nipige simu.

"Unaishi na nani?" akaniuliza.

"Peke yangu."

"Vizuri sana," akasema. "Hutamwambukiza mtu."

Tangu nikimbie huko nyumbani nimeishi hivi, na ile ndiyo mara ya kwanza mtu kunipongeza.

Chumba changu unakijua kwa barua: kitanda, meza, rafu ya vitabu, jiko la umeme la sahani moja. Chini yangu, usawa wa barabara, kuna duka la dawa za Kichina. Miaka yote nimepita mbele yake nikimwamkia mwenye duka kwa kichwa tu. Ni mama wa rika langu, mjane, aliyeletwa nchi hii akiwa msichana. Ukuta wake mzima ni droo, ndogondogo, toka sakafuni hadi darini, na kila droo ina mizizi yake, au maganda, au maua makavu. Siku za mwanzo za homa alinisikia nikikohoa kupitia dari yake. Akaacha chupa ya chai mlangoni kwangu, na ndani hamkuwa na chai. Dada, ladha yake! Chungu, halafu tamu, halafu chungu tena, kama mtu anayekutukana huku anakupapasa kichwa. Lakini nililala.

Nilipokuwa siambukizi tena akaanza kuingia ndani. Kila alasiri anapanda na chupa, anaketi, ananiambia nitoe ulimi, anautazama kama nilivyokuwa nikitazama ukurasa wa mwisho kabla mtambo haujawashwa. Kisha anaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wangu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kwa muda mrefu. Sijui anasikiliza nini. Nami siuondoi mkono.

Basi, hiyo ndiyo habari. Nimepona. Nisalimie waliobaki mtaani.

Mdogo wako


21 Januari

Jirani wa juu,

Nimebisha hukuitika, nadhani umelala, kwa hiyo nafunga karatasi hii kwenye mpini wa chupa. Hii ni dawa ya mwisho. Ndani yake mna vijiti vya kijani vinavyofungua kifua, na mzizi mtamu unaotuliza koo. Vyote viwili ni vizuri kwa muda mfupi. Vikizoeleka vinageuka: vijiti hukimbiza moyo na kufukuza usingizi, na mzizi mtamu hupandisha presha na kujaza maji miguuni.

Kama kikohozi kimekwisha, tumemaliza, sitapanda tena. Kama bado kipo, niandikie. Na niambie kama unameza kidonge chochote cha hospitali.

Jirani wa chini


21 Januari, jioni

Jirani wa chini,

Nashukuru sana. Kikohozi bado kipo, hasa nyakati za alasiri. Kidonge sinacho hata kimoja. Tafadhali usiache kupanda.

Jirani wa juu


22 Januari

Jirani wa juu,

Basi tuendelee kidogo. Nimeongeza mzizi mtamu. Nitakuja saa ile ile.

Jirani wa chini


10 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwa taarifa yako, barua niliisoma nikiwa nimekaa, na sikulia. Nilipiga kelele tu, peke yangu, mpaka paka wa watu akaruka dirishani.

Mizizi ya nani? Umeokotwa wapi wewe? Mtu aliyemaliza vitabu vyote vile anakwenda kunywa maji ya droo! Na huyo Mama Droo wako ni nani hasa, ana cheti gani ukutani? Mimi sisemi dawa zao ni mbaya, sizijui. Nasema wewe huzijui pia. Ungekuwa unanunua kitambaa ungeuliza kinachuja rangi au hakichuji, lakini cha kuingia tumboni hukuuliza.

Halafu nimerudia kusoma. Umesema umepona, kikohozi hakuna. Tena umesema kila alasiri anapanda na chupa. Anapanda kufanya nini, kama umepona? Usinione cherehani imenipinda mgongo ukadhani na akili imepinda. Acha hiyo dawa. Niahidi kwa maandishi, si kwa moyo, maana moyo wako naujua tangu ulipokuwa unaficha uji chini ya kitanda.

Huku hakuna jipya. Unasema nikusalimie waliobaki mtaani. Waliobaki ni mimi na fundi saa, na fundi saa hasikii kuliko mimi, kwa hiyo tukiamkiana asubuhi kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe. Nyumba ya mama inavuja upande wa jikoni. Presha yangu imetulia kwa vidonge. Watoto wa mpangaji wamehama naye, nimebaki na vyumba vyote.

Jifunike kifua.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuahidi kwa maandishi, kama ulivyotaka: dawa nimeiacha. Mama Droo (jina limemkaa, nitakuibia) hupita tu kunijulia hali, kama jirani yeyote.

Nina mambo madogo ya uzee ambayo nayataja ili usije kusema nimeficha. Miguu imevimba kidogo. Nikivua soksi jioni, mpira wake umeacha mfereji ambao ungeweza kupitisha maji. Nadhani ni kukaa sana kitini. Usingizi umekuwa mwepesi. Na mikono imelegea: jana nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya jamu, nikala mkate mtupu na kujidai ndivyo nilivyotaka. Ngazi ndizo zimenichosha zaidi. Napumzika katikati, nikijifanya natafuta ufunguo.

Lakini homa hakuna, kifua kiko wazi. Nimeanza tena kusoma kwa kalamu mkononi, ingawa hakuna anayenisubiri nimalize. Mtaani kwetu watu wanatembea wamefunika pua na mdomo, kwa hiyo siku hizi hata wanaonijua hawanijui. Muuza magazeti aliniita "bwana mgeni". Nimenunua gazeti kwake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Jikoni usipande ngazi mwenyewe kuziba. Tafuta mtu.

Mdogo wako


4 Machi

Jirani wa juu,

Karatasi hii naiacha kwa sababu usoni nitashindwa kuuliza. Jana nilisimama ngazini kidogo kabla ya kubisha, nimechoka magoti. Sikusikia kikohozi. Nilipobisha, nikakisikia.

Labda kifua chako kinaamka na mlango. Nimetoa vijiti vya kijani, maana moyo wako unakwenda mbio na umesema hulali. Mzizi mtamu nimeuacha, kwa ajili ya koo. Naona viatu vinakubana. Tusiende mbali sana na dawa hii.

Jirani wa chini


4 Machi, jioni

Jirani wa chini,

Viatu ni vya zamani. Kikohozi kweli kinakuja na kuondoka. Naomba tuendelee.

Jirani wa juu


23 Machi

Mdogo wangu,

Miguu kuvimba, kuhema ngazini, kukosa usingizi, mikono kulegea. Huhitaji daktari hapo, mimi nakutosha. Hiyo ni presha ya baba. Baba alianza hivyo hivyo, akasema ni viatu, akasema ni kiti, akasema ni joto. Mimi pia nilianza hivyo, wakanipa vidonge vya kukojoza maji, na leo miguu yangu ni kama ya msichana, ukiacha magoti, na ukiacha sura.

Binti wa fundi saa anasafiri kuja huko kwa mumewe. Nimempa bahasha. Ndani mna vidonge vyangu mwenyewe, usiulize nimebaki na vingapi. Meza kimoja kila asubuhi, kaa karibu na choo, utaniambia. Usiende kumwonyesha Mama Droo, atakuambia uvichemshe na gome la mti.

Nafuu umeacha yale maji yake. Siku ile niliposoma ahadi yako nililala vizuri.

Wa jikoni nimempata. Alikuja, akatazama paa, akasema "hii kazi", akaenda zake. Bado inavuja.

Dada yako


18 Aprili

Jirani wa juu,

Miguu yako imepungua. Nilifurahi, kisha nikaacha kufurahi, kwa sababu mshipa wako siupendi. Unaruka pigo, unarudi, unaruka tena. Na leo uliponyanyua kikombe ulitumia mikono miwili. Je, unameza kitu kingine? Nauliza mara ya pili.

Kesho sileti chupa mpaka unijibu.

Jirani wa chini


18 Aprili, jioni

Jirani wa chini,

Chai tu, na mkate. Lete chupa. Hata ikiwa nusu.

Jirani wa juu


5 Mei

Kwa dada wa jirani yangu wa juu,

Mimi ni mwenye duka la chini. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha mezani kwake. Naandika kwa lugha ya kuazima, na mteja wangu mmoja anayeijua lugha yenu amenisaidia kuinyoosha. Ndugu yako yu hai. Anza na hilo.

Mwisho wa mwezi nilipanda na dawa ya kikohozi chake, kama kawaida. Nilibisha, sikusikia kikohozi. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikafungua kwa ufunguo wa mwenye nyumba. Alikuwa chini, kati ya kitanda na meza, macho wazi, akili timamu, miguu haimtii hata kidogo. Aliponiona akaniomba radhi kwa kutosimama.

Gari la wagonjwa lilimchukua. Hospitali walimuuliza anatumia dawa gani. Akasema, "Chai." Akamuuliza daktari wa kwanza, wa pili, muuguzi, na wote aliwaambia chai. Walipiga picha ya kichwa wakidhani ni kiharusi. Hawakuona kitu. Moyo ulikuwa unaruka kwenye kioo cha mashine, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mimi nilirudi kumchukulia nguo. Nyuma ya vitabu vyake vinene nikakuta bahasha ya vidonge, yenye maandishi ya lugha yenu. Nilivitazama nikaketi juu ya kitanda chake. Kisha nikashuka dukani, nikachukua kidogo kidogo kutoka kila droo niliyomfungulia, nikafunga, nikaenda navyo hospitali pamoja na bahasha ile. Nikaviweka vyote mezani kwa daktari.

Ameeleza hivi. Mwilini mna madini yanayoitwa potasiamu, ambayo misuli na moyo haviwezi kufanya kazi bila hayo. Mzizi mtamu, ukinywewa kwa muda mrefu, huyavujisha. Huvimbisha miguu pia. Vidonge vya kukojoza viliondoa uvimbe, lakini navyo huyavujisha madini hayo hayo. Dawa moja peke yake ingemdhoofisha. Mbili pamoja zilikuwa zinausimamisha moyo. Sasa wamemrudishia kwa dripu, polepole. Juzi aliinua mguu mmoja. Jana yote miwili.

Daktari aliniuliza mbele ya watu, "Wewe ndiye uliyempa mizizi hii, miezi yote?" Nikasema ndiyo. Aliandika. Hakuniuliza lingine.

Nimekuambia yote ili usiyasikie kwa mtu mwingine.

Jirani wa chini


24 Mei

Mama Droo,

Ndivyo tunavyokuita huku, usikasirike, au kasirika ukipenda. Barua hii niliianza ili nikutukane. Nilikuwa nimeshaandika matusi nusu ukurasa, mazuri, ya kiutu uzima. Kisha nikarudia mahali unaposema vidonge, nikauchana.

Vidonge ni vyangu. Nilijinyima mwenyewe nikampelekea, nikajiona dada kweli kweli. Kumbe tulikuwa tunamlisha sumu kwa zamu, mimi asubuhi, wewe alasiri, na kila mmoja anamwonea huruma.

Ninachokosa usingizi nacho ni hiki. Mimi aliniambia ameiacha dawa yako. Wewe alikuambia anakohoa. Mama, huyo mtu hakuwa anakohoa. Kikohozi kilikwisha Januari, aliniandikia mwenyewe. Basi alikuwa anakunywa nini, na kwa nini, na hospitali kwa nini aseme chai, huku anakufa? Ni msomi. Si mjinga. Nimemuuliza kwa barua, naogopa atanijibu kwa lugha ya vitabu. Wewe uliyekaa naye, unajua?

Nakushukuru kwa kubeba zile droo mpaka hospitali. Ningekuwa mimi, sijui kama ningethubutu.

Dada yake


16 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimerudi chumbani. Napanda ngazi bila kutafuta ufunguo. Nimeambiwa nile ndizi, maharage na viazi, na kwa maisha yangu yote yaliyobaki nisiguse mzizi ule hata kwenye peremende. Vidonge vyako vimebaki hospitali. Nakuomba urudie kumeza sehemu yako kamili. Ukianguka jikoni, fundi saa hatasikia.

Umeniuliza kwa nini, na umenikataza lugha ya vitabu. Basi: kikohozi kingekwisha, asingepanda.

Hospitali nilisema chai kwa sababu walikuwa na karatasi na kalamu, na nilijua wakiandika duka lake, wataenda dukani kwake. Walikwenda kweli, baada ya yeye mwenyewe kujipeleka. Ofisi ya afya ilikuja, ikafungua droo zote, ikaona kila kitu ni halali, ikaondoka. Lakini mtaa mzima uliona gari lao limeegeshwa pale. Wateja wamekatika.

Sasa nikuambie jambo la wiki iliyopita. Alasiri nilisikia hatua zake ngazini. Nazijua, ana goti moja linalochelewa. Nikavaa shati safi, nikaketi, nikaweka mkono mezani. Hatua zikafika mlangoni kwangu. Zikapita. Zikaenda juu, kwa fundi bomba wa ghorofa ya mwisho, anayeumwa mgongo. Niliposikia anashuka nikafungua mlango.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Siumwi."

"Vizuri," akasema, akashuka.

Nilibaki nimesimama pale, Dada, na miguu haikutetemeka hata kidogo. Nimepona kabisa.

Niliona ningeozea pale mlangoni, kwa hiyo kesho yake nikashuka mimi. Sikumbuki lini nimewahi kuingia duka lile. Alikuwa anahamisha mizizi kutoka kwenye droo kuiweka kwenye mifuko. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba kikohozi kile hakikuwepo.

"Nilijua," akasema. "Unakohoa vibaya. Kikohozi cha kweli hakisubiri mtu aketi kwanza."

"Kwa nini basi uliendelea kuleta chupa?"

Alifunga mfuko fundo, akaukaza kwa meno.

"Wewe ulidhani ni wewe tu mwenye alasiri?" akasema.

Kisha akaniambia anafunga duka. Mwanawe yuko mji mwingine, kaskazini, ana chumba cha ziada na mke asiyependa harufu ya mizizi. Anahama mwisho wa mwezi. Nilimsaidia kufunga mifuko mpaka taa za barabarani zilipowaka. Kila mfuko aliniambia jina la kilichomo na kinachotibu, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nilirudia kwa sauti ili tusikosee. Alipofika kwenye mzizi mtamu aliutazama, akautia kwenye pipa la taka, droo nzima.

Usinitumie chochote tena, Dada. Niandikie tu. Na paa la jikoni usilipande.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma.

Ulipokuwa mdogo ukijikwaa hukulia mpaka uhakikishe kuna mtu anakuangalia. Tulikuwa tunakucheka. Tulikuwa wengi nyumbani wakati ule, kucheka kulikuwa rahisi.

Nami nikuambie la kwangu ili tusizidiane. Wa paa nimempata zamani, tangu Mei. Alimaliza kazi vizuri. Nilimwambia bado inavuja, akarudi mara mbili. Mara ya tatu alipanda, akakaa juu ya mabati, akaniambia, "Mama, huku kukavu, lakini kama una chai nitashuka." Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Tafuta anwani ya huyo mama, hata kama ameshaondoka. Usiache kwa aibu. Umri wa aibu umetupita.

Dada yako


3 Agosti

Jirani wa chini,

Sijui nikuiteje sasa kwa kuwa hauko chini tena, kwa hiyo nimeacha jina lile mpaka unipe lingine.

Dukani kwako wameanza kuuza vioo na maganda ya simu. Wamepaka ukuta rangi nyeupe. Wauzaji ni vijana wapole, wanacheza muziki, na kupitia sakafu nasikia ngoma tu, wimbo wenyewe haufiki. Fundi bomba ananiuliza kila akiniona kama umeandika. Anasema mgongo wake umepona, lakini naona anashikilia ukuta. Nilimwambia aende zahanati na awaambie kila anachotumia, kila kitu, hata vya kupaka. Alinitazama kama mtu anayehubiriwa na mlevi.

Dada yangu anakusalimu. Ametaka nikuulize kama mke wa mwanao ameizoea harufu, na kama hajaizoea, ameniagiza nikupe tusi moja la kumwambia, lakini ni refu, nitaliandika safari nyingine.

Kalamu nimeishika tangu mchana. Nimetafuta sababu ya kukuandikia nikaikosa. Nalala vizuri. Napanda na kushuka. Nafungua chupa ya jamu kwa mkono mmoja. Siumwi popote, kifua wala miguu wala moyo, na hakuna dawa ninayokuomba. Nakuandikia hivyo hivyo.

Niambie alasiri za huko zikoje.

Jirani wa juu